Bei ya Kukataa

Swali lilikuwa la ishirini na tatu, na Mama Pindo alilijibu akiwa na pini nne mdomoni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na walisema kweli. Ila habari ya kujibu hawakutuachia. Mtu anaweza kujibu swali moja tu, mchana kweupe, chumbani kwake, kwa mwanawe wa kumzaa mwenyewe, akabakiza kidogo ampoteze mtu aliyeishi naye miaka ishirini na miwili.

Mtu huyo alikuwa mama mkwe wake.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa sababu mapindo yake hayafumuki. Nguo itachakaa, itapauka, itageuka tambara la kufutia sakafu, pindo limo palepale. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba, kile chenye mlango wa barabarani. Mlikuwa na meza ya kukatia, pasi, kamba ya kuning'inizia nguo zilizokwisha, na cherehani cha kukanyaga kwa miguu. Kando ya dirisha palikuwa na kiti chenye mito miwili, na juu ya mito hiyo aliketi bibi, mama mkwe, tangu miguu ilipomgomea. Cherehani kilikuwa chake zamani. Ufundi wote wa Mama Pindo ulikuwa wake zamani. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kuaga, lakini vidole vilikuwa vizima. Akipewa shati lililokwisha alipapasa mshono kutoka kwapani hadi kiunoni, akisema, "Hapa ulisinzia." Na kweli, hapo fundi alikuwa amesinzia.

Mume wa Mama Pindo, kitinda mimba wa bibi, alifariki miaka tisa nyuma. Watu walitazamia bibi ahamie kwa mwanawe mkubwa, Mkandarasi, mwenye nyumba ya ghorofa upande wa pili wa mji. Mkandarasi mwenyewe alikuja mara tatu kumwomba. Kila mara bibi alijibu, "Nitakuja nikimaliza vifungo hivi." Na kazi yake ilikuwa ni vifungo, asubuhi hadi jioni, haviishi.

Sasa kuna jambo la mafundi lazima lielezwe, maana bila hilo hii habari yote itaonekana ya wendawazimu. Fundi haambii mteja "sitaki." Akija yule wa kitambaa kifupi na maneno marefu, au yule anayerudisha gauni mara nne kwa sababu amenenepa yeye, fundi hamfukuzi. Anakigeuza kitambaa, anavuta pumzi, anataja bei ya kumrudisha mtu hatua tatu nyuma. Mteja anacheka, "Haya fundi, nimekuelewa," anakunja kitambaa chake, anakwenda. Hakuna aliyetukanwa. Bibi ndiye aliyemfundisha Mama Pindo mambo hayo, alipokuwa bado bi harusi asiyejua kutunga uzi. "Mtu usimfukuze mlangoni, mwanangu. Mtajie bei ya kukataa. Ataondoka kwa miguu yake mwenyewe, na kesho atakusalimia."

Mama Pindo aliitumia miaka yote hiyo, na haikuwahi kumwangusha.

Mwanawe walimwita Profesa tangu akiwa na miaka minne, kwa maswali. Kwa nini uzi una mwanzo? Nani alimfundisha fundi wa kwanza? Sasa alikuwa chuo kikuu, mwaka wa tatu, akisoma mambo ya jamii: ndoa, koo, mila, jinsi watu wanavyolea na kuzikana. Alikuwa akikaa kwa baba yake mkubwa, Mkandarasi, kwa kuwa ni karibu na chuo. Mama Pindo hakuelewa sana mtoto anasomea nini hasa, lakini aliwaambia wateja, "Anasomea watu," na waliridhika.

Siku ile Profesa alikuja na fomu. Kurasa sita.

"Mama, kuna mhadhiri mpya," alisema, akivuta kigoda. "Anatufundisha kuitazama jamii kwa jicho la uchumi."

"Jamii ina duka?"

"Hapana, mama. Ni hivi. Kila mtu ana vitu vichache na haja nyingi. Kwa hiyo kila anachofanya ni kuchagua, na kila akichagua hiki anaacha kile. Hata mapenzi. Hata kulia msibani. Unaweza kupima."

"Kulia msibani unapima kwa nini? Kwa kikombe?"

Bibi pale dirishani alitoa mguno. Hakuinua uso kutoka kwenye kifungo chake.

Profesa alicheka, lakini hakurudi nyuma. Hakuwa mtoto wa kurudi nyuma. "Chukua mfano wako. Kumwogesha bibi asubuhi kunakuchukua muda gani?"

"Tangu maji yachemke mpaka nimpake mafuta miguu? Saa nzima."

"Saa nzima ungeshona nini?"

Mama Pindo alifikiri. "Mikono miwili ya shati. Nikiwa na haraka, na kola."

"Basi mikono miwili ya shati ndiyo gharama ya kumwogesha bibi."

Mama Pindo alitazama meza. Kisha akatazama chini ya meza. "Hiyo mikono iko wapi?"

"Haipo, mama. Hukuishona. Ndiyo hoja yenyewe."

"Yaani nimelipa mikono ambayo haipo."

"Ndiyo!"

"Nimemlipa nani?"

Profesa akaandika kitu pembeni ya karatasi. Mama Pindo alijisikia vibaya, akadhani amejibu makosa na mtoto atakatwa alama. Yeye shule yake iliishia darasa la saba, na tangu siku hizo alibaki na hofu moja: fomu ikiwa mbele yake, anahisi kuna jibu sahihi mahali fulani na kila mtu analijua isipokuwa yeye. Basi akaazimia kusaidia. Akajibu la kwanza, la pili, la kumi. Nani anapika? Nani anaamka usiku? Bibi anachangia nini nyumbani? "Vifungo," alisema Mama Pindo. "Na kunisema." Profesa aliandika vifungo tu.

Wakati huo mteja alikuwa akimsubiri kwa gauni la mpwa wake, kwa hiyo Mama Pindo alikuwa amepiga magoti mbele ya sanamu ya mbao ya kupimia nguo akipanga pindo, pini mdomoni, ndipo likaja la ishirini na tatu.

"Ungelipwa kiasi gani ili ukubali bibi akalelewe kwingine?"

"Mmh?"

"Kiasi cha chini kabisa, mama. Pesa au mali."

Mama Pindo alitikisa kichwa. Huwezi kusema mengi na pini mdomoni. "Ruka hilo."

"Siwezi kuruka."

"Acha wazi."

"Nikiacha wazi, kompyuta inasoma sifuri. Sifuri maana yake uko tayari kumwachia bure. Maana yake bibi kwako hana thamani yoyote." Profesa alishusha sauti, akatupa jicho dirishani. "Mama, sitaki kuandika hivyo juu yako."

Sifuri! Amwandikie mama mkwe wake sifuri, ibaki chuoni, isomwe na wahadhiri! Mama Pindo akafanya alichokifanya maisha yake yote akibanwa na mtu asiyetaka kuelewa kwamba hapana ni hapana. Akavuta pumzi kupitia puani.

"Vyerehani kumi na viwili," alisema katikati ya pini. "Vya umeme. Na duka lenye kioo mbele."

Akasubiri mtoto acheke na kusema, "Haya mama, nimekuelewa."

Profesa aliandika: vyerehani kumi na viwili vya umeme, duka moja. Akageuza ukurasa. "La ishirini na nne."

Mama Pindo alishika sanamu kiunoni, akabaki hivyo kidogo, kama mtu aliyeshuka ngazi akadhani kuna daraja moja zaidi na halipo. Kisha mteja akabisha mlango, akasahau.

Wiki tatu zikapita. Jumatano moja, kabla ya adhuhuri, pikapu ilisimama mlangoni. Vijana wawili wakashusha boksi kubwa kuliko meza.

"Mama Pindo ndiye wewe? Mzigo wako. Cherehani cha umeme. Umetumwa na Mkandarasi. Weka sahihi hapa."

"Cha kwangu?"

"Kama Mama Pindo ndiye wewe."

Aliweka sahihi, herufi moja moja. Walipokwisha kukifungua, kilikuwa cheupe kama yai, kina taa ndogo juu ya sindano. Alimpigia simu Mkandarasi papo hapo.

"Shemeji! Nimepokea! Nimepokea kwa mikono miwili!"

"Umekipenda?" Nyuma ya sauti ya Mkandarasi zege lilikuwa likichanganywa, ikambidi apige kelele.

"Nani asipende? Mungu akuzidishie, shemeji. Sikutarajia."

"Sasa shemeji, najua ulisema zaidi. Lakini tuanze na hicho, mengine tutazungumza kama ndugu. Tumeelewana?"

Mama Pindo hakujua alisema zaidi ya nini. Alidhani shemeji anamaanisha ada, au sare za wafanyakazi wake ambazo aliwahi kutaka kumpa azishone. Kukiwa na kelele za zege, mtu hujibu neno la mwisho tu.

"Tumeelewana kabisa!"

"Basi Jumamosi nakuja."

"Karibu sana! Karibu mno!"

Wenzangu, hebu oneni. Mtu amekaribisha kisu jikoni mwake akidhani ni kijiko.

Bibi alipoongozwa mkono akipapase cherehani kipya, alikipapasa mgongo, akapapasa mguu, akarudisha mkono kwenye mapaja.

"Mwanangu yule simjui leo," alisema. "Hatoi msumari kabla hajahesabu ubao. Amekupa cha nini?"

"Zawadi, mama."

"Mm."

"Mbona 'mm'?"

"Nimekohoa."

Ijumaa nzima Mama Pindo alishonea cherehani kipya. Kilikimbia. Mashati aliyokuwa ayamalize Jumatatu yaliisha siku ile ile, na miguu yake, iliyozoea kukanyaga, ilikuwa ikichezacheza chini ya meza bila kazi, kama mtoto aliyefungiwa ndani.

Jumamosi Mkandarasi akaja, si kwa pikapu, kwa gari lake mwenyewe, limeoshwa. Alivaa shati la mikono mirefu. Nyuma aliketi Profesa, uso umemvimba kama hakulala. Kwenye kiti cha mbele palikuwa na mto mpya, wa maua, bado una karatasi ya dukani.

Mama Pindo aliuona ule mto kabla hajamwona mtu. Hakuuelewa.

"Shikamoo mama," Mkandarasi alimwinamia bibi, akambusu mkono. Kisha akageuka. "Shemeji, chumba kiko tayari. Cha chini, hakuna ngazi. Nimeajiri muuguzi, mama mtu mzima, ana vyeti. Choo nimekivunja nikakipanua ili kiti cha magurudumu kipite. Nguo zake utazifunga leo au nitume mtu?"

"Nguo za nani?"

"Za mama."

"Mama anakwenda wapi?"

Mkandarasi alimtazama Profesa. Profesa alitazama sakafu, palipojaa vipande vya nyuzi.

"Shemeji," Mkandarasi alisema polepole, kama anayeongea na mtu wa benki, "tulielewana Jumatano."

Hapo Profesa akaanza kulia, na kwa kulia kwake Mama Pindo akaambiwa yote. Kwamba fomu walipelekewa pia watu wengine. Kwamba baba mkubwa naye aliulizwa: ungetoa kiasi gani ili bibi akaishi kwako? Kwamba baba mkubwa, mtu wa zabuni, hakutaka kujibu kabla hajajua upande wa pili umesema nini, na Profesa akamwonyesha jedwali, akiamini halina majina. Halikuwa na majina. Lilisema tu: mhojiwa wa saba, fundi cherehani, mjane, anamlea mama mkwe.

"Wako wangapi hao?" alisema Mkandarasi. "Ningeacha kumjua?"

"Lakini shemeji, ile ilikuwa bei ya kukataa!" Mama Pindo alipiga meza, mkasi ukaruka. "Hata mwendawazimu anaijua! Vyerehani kumi na viwili! Nani ana vyerehani kumi na viwili?"

"Mimi ninavyo," alisema Mkandarasi. "Si leo. Lakini kwa mwaka mmoja, nikiuza lori, ninavyo." Akatoa kitambaa akajifuta shingo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchanganya Mama Pindo zaidi. Angekuja na hasira angejua la kufanya. "Shemeji, nimeomba mara tatu. Nimeambiwa vifungo. Nina nyumba ya vyumba tisa, na mama yangu analala chumba kimoja na rola za vitambaa. Watu wananiuliza mama yako yuko wapi, namung'unya maneno. Halafu siku moja naona namba. Nikasema, kumbe kuna mlango! Kumbe si kwamba hapana, ni kwamba bado bei. Mimi maisha yangu yote, kilichotajwa bei kinazungumzika. Sasa unaniambia ulikuwa unanikatalia kwa namba?"

"Ndiyo!"

"Namba inakataaje?"

Mama Pindo alitafuta jibu, akalikosa. Alijua analo. Lilikuwa hapo hapo kichwani, kama jina la mtu unayekutana naye sokoni. Profesa alikuwa amesoma hadi juu na hakulijua. Mkandarasi alikuwa amejenga nusu ya mji na hakulijua. Na yeye aliyelijua hakuwa na maneno yake.

"Vingapi?"

Wote watatu wakageuka. Walikuwa wamemsahau. Bibi alikuwa ameweka sindano kwenye mto wa pini, mikono imelala mapajani.

"Vingapi, mwanangu? Sikusikia vizuri siku ile, ulikuwa na pini mdomoni."

"Kumi na viwili, mama," Mama Pindo alinong'ona.

"Vya umeme, au vya kukanyaga?"

"Vya umeme."

"Mm. Angalau." Bibi akafumbata mikono. "Nani alikufundisha bei ya kukataa?"

"Wewe, mama."

"Nilisema umtajie nani?"

"Mteja."

"Mimi ni mteja?"

Mama Pindo akapiga magoti hapo penye nyuzi, akashika miguu ile anayoiosha kila asubuhi. "Mama, walitaka kukuandikia sifuri."

"Wangeandika. Sifuri ingeniuma nini? Sijawahi kula karatasi." Sauti ya bibi ilikuwa kavu. "Mawili umekosea. La kwanza, bei ya kukataa humtajii mtu asiyejua kuondoka. Mtoto wako hajui kuondoka, amefundishwa kuandika. La pili, haitajwi kwa hesabu inayofika mwisho. Kumi na viwili mtu anavifikia. Ona, kimoja hiki hapa kimeshawasha taa."

Nje mtu alipita akiburuta bati.

"Basi nitakwenda," bibi alisema.

"Mama!"

"Nimetajiwa bei, bei imekubaliwa, cherehani kimepokelewa kwa sahihi. Mafundi wa nyumba hii hawavunji neno lao. Lakini siendi kwenye ghorofa na gauni lenye kiraka makalioni, watu wakasema mwanangu ameokota ombaomba. Kuna kitambaa cha buluu sandukuni, kile alichoninunulia marehemu mumeo. Nishonee gauni la kuondokea. Fundi, bei gani?"

Mama Pindo aliinua uso. Alitafuta usoni mwa bibi ishara yoyote: kope, pembe ya mdomo, chochote. Uso ulikuwa ukuta. Hakujua mama mkwe anamuaga kwa uchungu au anamtania. Hakujua kama anaulizwa kweli. Moyo wake ulikuwa umeshajibu kabla ya mdomo: bure, mama, nitakushonea bure, nani atakutoza wewe? Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Jibu gani lingine mtu angempa mama aliyemfundisha kutunga uzi?

Kisha akaona. Bure ndiyo ingemtoa. Gauni la bure lingeshonwa leo leo, na kwa hicho cherehani cha umeme lingekwisha kabla ya saa kumi, na bibi angevikwa, angebebwa, angekalishwa kwenye mto wa maua. Neno zuri kuliko yote lingemtoa nyumbani.

Au hakuona chochote, alibahatisha tu. Mpaka leo hana hakika.

Akasimama. Akavuta pumzi ya fundi.

"Gauni la buluu, la kuondokea," alisema, sauti ikikwaruza, "hilo ni ghali, mama. Hilo ni vyerehani vyote vinavyolia mji huu, na maduka ya barabara nzima, pande zote mbili. Na jua mwezi mzima lisizame, maana macho yangu taa hayaitaki. Malipo kwanza, ndipo nikate."

Bibi aligeuza uso kidogo, kana kwamba anakipima kitambaa kwa vidole hewani.

"Loo," alisema. "Fundi huyu mwizi." Akajiegemeza kwenye mito yake. "Mwanangu, nimeshindwa bei. Nenda nyumbani."

"Mama, mimi nitalilipia hilo gauni!" Mkandarasi alisema kwa haraka, mkono umeshaingia mfukoni.

"Na jua utalilipia?"

Mkono ulibaki mfukoni. Yule mtu mkubwa, wa ghorofa na malori, alikaa kwenye kizingiti cha mlango, shati lake zuri likishika chaki. "Mnaelewana nyie wawili," alisema. "Mimi nani ataniambia bei ninayoiweza?"

"Njoo Jumamosi unioshe miguu," bibi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ililainika. "Shemeji yako apumzike. Hiyo haina bei."

"Jumamosi huwa niko saiti," alisema Mkandarasi. Kisha akasikia alichokisema, akainamisha kichwa.

Cherehani cheupe bibi alikataa kilale ndani. Wakakibeba Mkandarasi na Profesa, na kwa kuwa buti ilikuwa imejaa mifuko ya saruji, wakakikalisha kiti cha mbele, juu ya mto wa maua, wakakifunga mkanda. Gari likaondoka hivyo. Majirani walisimama kulitazama wakiuliza Mkandarasi ameoa nini.

Profesa alibaki. Alikuwa na fomu mkononi, imekunjika. "Mama, sasa ishirini na tatu niandike nini?"

"Andika nilikuwa na pini mdomoni."

"Hakuna kisanduku cha hivyo."

"Basi waambie wachonge."

Mtoto alitaka kucheka, akaona si wakati. Akafuta ile kumi na viwili, akaiandika tena, akaifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Alipoondoka jioni tundu lilikuwa limebaki tundu.

Sasa mtasema, bibi alibaki, neno la nini tena? Alibaki. Mkandarasi naye amekuja Jumamosi mbili kati ya tano, anaosha miguu kama anayesugua ukuta, bibi anamvumilia. Lakini sikilizeni, nyie mnaosomesha watoto, na mnaojibu wanachouliza ili wasikatwe alama.

Asubuhi bibi akiletewa chai hukishika kikombe kwa mikono miwili, hunusa, na kabla ya kunywa husema, "Hii nayo vyerehani vingapi?" Anacheka. Mama Pindo anacheka. Kuna siku anacheka bibi peke yake.

Na si hilo tu. Kabla ya fomu ile, Mama Pindo alimwogesha mama mkwe wake bila kufikiri chochote; maji, sabuni, kitambaa, mafuta, huku akisemwa kwa pindo la jana. Siku hizi, akifika kwenye goti la pili, neno humjia: mkono mmoja wa shati. Akimaliza kisigino: miwili. Hakuliita, na haliondoki. Amejaribu kuimba ili asilisikie. Amejaribu kuosha polepole sana, mikono mitatu, mikono minne, kola na mfuko, kusudi alionyeshe kwamba hajali.

"Mbona leo unachelewa hivyo?" bibi humwuliza. "Maji yanapoa."

Naye hajui amjibu nini, kwa kuwa hajui kama anachelewa kwa kumpenda au kwa kuhesabu.